Amani inayotunzwa kila siku: kisa cha watoto ambao kinga yao haikuisikia IL-10

Mtoto anazaliwa salama, ananyonya vizuri, na kabla hajatimiza miezi mitatu nepi zinaanza kutoka na damu na kamasi. Anaharisha mara nane, mara kumi kwa siku. Kuzunguka njia ya haja kubwa panatokea mipasuko, kisha jipu, kisha fistula, yaani tundu linalojichimbia kutoka utumbo hadi kwenye ngozi na kuvuja usaha. Kwenye paja na mgongoni kuna vipele vya vinyweleo visivyokauka. Uzito haupandi. Antibiotiki inasaidia wiki mbili, halafu hali inarudi ilipokuwa. Dawa za steroidi zinatuliza kidogo, na kila dozi ikishushwa damu inarudi.

Picha hiyo ilikuwa inajulikana na madaktari wa watoto kwa miaka mingi bila kuwa na jina lake. Waliiweka kwenye kapu la ugonjwa wa Crohn, ugonjwa sugu ambao kinga huuchoma utumbo, wakiongeza tu kwamba huu ni mkali na umeanza mapema mno. Mwaka 2009 timu za Hannover, Ujerumani, na London, zikiwa na Erik-Oliver Glocker, Bodo Grimbacher na Christoph Klein, zilichapisha katika New England Journal of Medicine kilichokuwa kimejificha ndani ya kapu hilo. Walianza na familia mbili zisizo na undugu kati yao. Lakini ndani ya kila familia baba na mama wenyewe walikuwa ndugu wa damu, na ni undugu huo uliofungua njia ya kutafuta.

Sababu ni hii. Jeni tunazirithi kwa jozi, nakala moja kutoka kwa kila mzazi. Nakala mbovu moja mara nyingi haina madhara kwa sababu ile nzima inafanya kazi ya wawili. Wazazi wakiwa na babu mmoja, nakala moja mbovu ya babu inaweza kushuka kwa njia zote mbili na kukutana tena kwa mtoto wao. Kwa watoto wa binamu wa kwanza, uwezekano wa nakala fulani mbovu ya babu kukutana hivyo ni 1 kati ya 64. Kwa hiyo watafiti walikuwa na swali rahisi la kuuliza: ni kipande gani cha kromosomu ambacho wagonjwa wanacho mara mbili kwa sura ileile, na ndugu zao wazima hawanacho hivyo?

Kipande kilipopatikana, walikagua jeni zilizomo wakitafuta inayohusika na kinga ya utumbo. Wakaongeza wagonjwa wengine 6 wenye ugonjwa wa namna hiyo. Kati ya watoto 9 kwa jumla, 4 walikuwa na nakala mbili mbovu katika moja ya jeni mbili: IL10RA, iliyoko kromosomu ya 11, au IL10RB, iliyoko kromosomu ya 21. Kasoro zilikuwa tatu tofauti, lakini zote ziliharibu kitu kilekile: kipokezi cha interlukini-10, protini ya ujumbe kati ya seli za kinga, ambayo tangu hapa tutaiita IL-10.

Kasoro mojawapo inaonekana vizuri ukiitazama kwa karibu. Protini ya IL10RB ina asidi za amino 325. Sehemu ya kwanza hukaa nje ya seli ikisubiri IL-10, sehemu fupi hupenya utando wa seli, na mkia hubaki ndani ukipeleka habari. Herufi moja tu ya DNA ilibadilika, na mahali pa asidi ya amino ya 159 pakawa amri ya kusimama. Protini inakatika kabla hata ya kufika sehemu ya kupenya utando. Haina pa kujishikiza wala mkia wa kupeleka ujumbe. Seli inazaliwa kiziwi.

Kiziwi kwa ujumbe gani? Ili kuona ukubwa wa hasara, tuangalie kwanza mtoto mzima anaishije na bakteria wake.

Kinachofanyika utumboni siku ya kawaida

Makadirio yaliyofanywa mwaka 2016 yaliuweka mwili wa mwanaume wa kilo 70 kwenye bakteria trilioni 38 hivi, dhidi ya seli zake mwenyewe trilioni 30. Karibu wote wako utumbo mpana, kiasi cha bilioni 100 katika kila gramu ya kilichomo. Ukiwapima wote pamoja ni kama gramu 200. Na kinachowatenganisha na damu yetu ni ukuta wenye unene wa seli moja, kama sehemu moja ya hamsini ya milimita, ambao unavuliwa na kujengwa upya kila baada ya siku tatu hadi tano.

Bakteria hao wana kila alama ambayo kinga hufundishwa kuichukia. Lipopolisakaridi, yaani mafuta yenye sukari yaliyo kwenye ganda la bakteria wengi wa utumbo, ikiingia kwenye damu kwa kiasi kidogo tu hukuletea homa na baridi kali. Mfumo wa kinga hauwezi kusema hauwajui, na hapa lugha yenyewe hupotosha. Tukisema kinga "inawavumilia" bakteria wema, msikilizaji hupata picha ya askari aliyelala au aliyepewa picha za wakazi akaambiwa hawa usiwaguse. Hakuna orodha kama hiyo. Bakteria yuleyule anayetusaidia akiwa ndani ya mfereji wa utumbo anaweza kuua akiingia kwenye tumbo lililotoboka.

Kazi ya kwanza ni kuweka umbali. Utumbo mpana una ute wa tabaka mbili. Tabaka la nje ni legevu na bakteria wanaishi humo. La ndani limeshikamana na ukuta, ni zito, na karibu halina bakteria kabisa. Juu ya hilo mwili humwaga utumboni kingamwili za IgA, gramu 3 hadi 5 kila siku kwa mtu mzima, kiasi kikubwa kuliko aina nyingine yoyote ya kingamwili tunayotengeneza. IgA huwagandisha bakteria na kuwazuia wasishike ukuta, bila kuita jeshi. Mtoto mchanga hana bado ya kutosha, ndiyo maana maziwa ya mama humletea iliyo tayari.

Kazi ya pili ni kufundisha. Seli za dendriti huchukua vipande vya bakteria na chakula, huvipeleka kwenye tezi za limfu za tumbo, na huko huwageuza baadhi ya seli T, aina ya seli nyeupe za kinga, kuwa seli T za kudhibiti, yaani za kutuliza wenzao. Swichi yao ni jeni ya FOXP3. Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2025 kwa kazi iliyofichua seli hizi na swichi hiyo. Bakteria wenyewe huchangia: wakichachusha nyuzinyuzi za mboga, maharage na nafaka isiyokobolewa hutoa butireti, asidi fupi ya mafuta ambayo huongeza idadi ya seli hizo katika utumbo mpana na wakati huohuo ni chakula cha seli za ukuta.

Kazi ya tatu ndiyo ya kisa chetu, na huwa inasahauliwa. Chini kabisa ya ule ukuta mwembamba wamejaa makrofaji, seli za kula. Ukuta huvuja kila siku, kidogo, kwa mtu mwenye afya kabisa. Bakteria wachache hupenya na makrofaji huwameza na kuwaua. Makrofaji wa mahali pengine mwilini akimeza bakteria hupiga king'ora: hutoa TNF, IL-1, IL-6 na IL-12, protini za kuamsha kinga, mishipa inapanuka, seli nyeupe zinamiminika, tishu inavimba na kuwa nyekundu. Makrofaji wa utumbo anaua kimyakimya. Tena huyu si seli ya kudumu iliyofundishwa utotoni ikabaki hivyo. Makrofaji wengi wa utumbo mpana wanatokana na monosaiti, seli nyeupe za damu, wanaoingia mfululizo maisha yote. Kila monosaiti anafika akiwa na tabia za vita, na lazima atulizwe upya pale anapowasili.

Kinachomtuliza ni IL-10. Inatolewa na seli T za kudhibiti na makrofaji wenyewe. Inashika kipokezi chenye vipande vinne, viwili vya R1, vinavyotokana na jeni ya IL10RA, na viwili vya R2, vinavyotokana na IL10RB. Vimeng'enya JAK1 na TYK2 vilivyoshikamana na mikia yao vinaamka, vinaiwasha protini ya STAT3, nayo inaingia kwenye kiini cha seli na kuzima jeni za king'ora. Kikikosekana R1 au R2, mnyororo wote haupo.

Panya walitangulia kusema

Watafiti wa 2009 hawakubahatisha walipoichagua jeni ya kipokezi cha IL-10 kati ya nyingi za jirani. Mwaka 1993 Ralf Kühn, Werner Müller na wenzao walikuwa wamewatengeneza panya wasio na jeni ya IL-10. Panya hao walizaliwa wazima, kisha wakapata inflamesheni ya utumbo, yaani uvimbe unaoletwa na kinga, inayokondesha na kuua. Lakini kulikuwa na jambo la ajabu: ukali ulitegemea usafi wa banda. Katika banda la kawaida utumbo mwingi uliugua. Katika banda lisilo na vimelea vya magonjwa, tatizo lilibaki utumbo mpana peke yake.

Mwaka 1998 kundi la Balfour Sartor, North Carolina, lilikamilisha hoja. Liliwalea panya hao bila bakteria yeyote, ndani ya mahema ya plastiki yenye hewa na chakula kilichoteketezwa vijidudu. Hawakuugua. Walipopewa bakteria wa kawaida wa utumbo, wale wasio na madhara kwa panya wengine, inflamesheni ilionekana ndani ya wiki moja.

Jaribio hilo lina uzito kuliko kurasa nyingi za nadharia. Panya alikuwa na kasoro tangu mimba, lakini kasoro peke yake haikuwa ugonjwa. Bakteria peke yao hawakuwa ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa mkutano wao. Na linaeleza pia kwa nini watoto wanaugua mapema hivyo: tumboni mwa mama hakuna shehena ya bakteria, inaanza kupandwa siku ya kuzaliwa, na wiki chache baadaye iko kamili. Katika ripoti ya 2012 kutoka kwa kundi la Klein, watoto 66 walichunguzwa na 16 wakakutwa na kasoro ya IL-10 au kipokezi chake. Wote 16 walianza kuugua ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na wote 16 walikuwa na ugonjwa kuzunguka njia ya haja kubwa. 11 walikuwa na vipele vya vinyweleo, 4 na inflamesheni ya viungo.

Mirija mitatu

Kupata herufi iliyobadilika kwenye jeni hakutoshi. Kila mmoja wetu ana herufi nyingi zilizobadilika na nyingi hazina neno. Lazima uonyeshe kwamba seli haisikii kweli, na jaribio lenyewe ni rahisi kueleza.

Unachukua damu kwenye mrija wa heparini, dawa inayozuia damu isigande, ule wa kifuniko cha kijani. Kwa mtoto wa kilo 5, ambaye damu yake yote ni kama mililita 400, mililita 4 zinatosha na ni asilimia moja tu. Unatenganisha seli nyeupe zenye kiini kimoja, yaani limfosaiti na monosaiti, kwa kuizungusha damu juu ya kimiminika kizito. Zinabaki kama pete ya ukungu katikati ya mrija, nyekundu zikizama chini. Unazigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza haliguswi. La pili linapewa lipopolisakaridi. La tatu linapewa lipopolisakaridi pamoja na IL-10. Baada ya saa kadhaa hadi usiku mmoja kwenye joto la nyuzi 37, unapima TNF iliyomwagwa kwenye maji.

Kwa mtu mzima wa afya, fungu la kwanza lina TNF kidogo sana, la pili linapanda, la tatu linashuka sana. Kwa watoto wa kisa hiki la pili na la tatu yalikuwa juu yote. Ukiwaongezea IL-10 ni sawa na kumpigia kelele asiye na masikio.

Kisha linakuja swali la kuhakikisha tatizo liko wapi katika mnyororo. Unazipa seli IL-10 kwa dakika 15 au 20 na kuangalia kama STAT3 imewashwa. Kwa wagonjwa haikuwashwa. Lakini huenda STAT3 yenyewe ndiyo mbovu. Basi sambamba unazipa seli nyingine IL-6, ambayo hutumia STAT3 hiyohiyo kupitia kipokezi tofauti. Ikiwaka kwa IL-6 na isiwake kwa IL-10, lawama inabaki kwa kipokezi cha IL-10.

Majibu ya kipimo hiki huharibikia njiani kuliko maabara. Damu ikiwekwa kwenye friji, kwa mazoea mema ya kutunza sampuli, monosaiti hugoma kujibu. Inasafirishwa kwa joto la kawaida la chumba na iwe imefika ndani ya saa 24. Mtoto akiwa kwenye dozi kubwa ya steroidi, fungu la pili halipandi vizuri, na bila mpando huwezi kusoma mshuko. Ndiyo maana kwenye boksi lilelile lazima isafiri damu ya mtu mzima wa afya, iliyotolewa saa hiyohiyo: yake nayo ikikataa kujibu, ujue ni safari iliyoharibika. Sampuli ya jeni haina deko hizo. Mrija wa EDTA, wenye kifuniko cha zambarau, huvumilia siku kadhaa barabarani. Kwa hospitali nyingi za kwetu ni busara kuanza na jeni, kisha kutafuta nafasi ya kipimo cha seli kama jibu lina utata.

Kwa nini kila tiba ilisaidia kidogo

Sehemu hii ndiyo inayowapoteza waganga wengi, kwa sababu kusaidika kwa mgonjwa huonekana kama ushahidi.

Metronidazole ikimpunguzia mtoto damu, daktari hukubali moyoni kwamba ilikuwa amiba au maambukizi mengine, anaandika dozi ya pili na ya tatu. Lakini antibiotiki hupunguza bakteria wote, pamoja na wale wema wanaochokoza makrofaji kiziwi. Imepunguza kuni, jiko liko palepale. Panya wasio na IL-10 nao hupata nafuu kwa antibiotiki, wakati hawana maambukizi yoyote. Upasuaji wa kuutolea utumbo tundu tumboni ili choo kisipite chini hutuliza sehemu iliyobaki tupu kwa sababu ileile. Tundu likifungwa choo kinarudi, na inflamesheni nayo.

Steroidi huzima jeni za king'ora kwa mlango mwingine usiopita kwenye kipokezi cha IL-10, ndiyo maana hutuliza. Ila mtoto wa miezi minne hawezi kuishi juu ya dozi hiyo: hakui, mifupa inalegea, shinikizo la damu linapanda. Dawa za kukamata TNF, kama infliximab, zinafanya kazi nzuri kwa wengi wenye Crohn ya kawaida, na kwa watoto hawa mara nyingi zinashindwa. TNF ni sauti moja kati ya kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Ukiiziba, IL-1 inaendelea. Dawa za kuzuia IL-1 zimewahi kutumika kumvusha mtoto hadi siku ya upandikizaji, na kwa kazi hiyo ya daraja zina maana.

Kumchoma mtoto IL-10 yenyewe? Ikiwa kasoro ni ya jeni ya IL-10, wazo lina mantiki. Ikiwa ni ya kipokezi, ni kupoteza dawa. IL-10 ilijaribiwa miaka ya 1990 kwa watu wazima wenye Crohn ya kawaida na matokeo yalikuwa hafifu. Hali kadhalika probiotiki, ambazo siku hizi zinauzwa kwa kila shida ya tumbo: kumwongezea bakteria, hata wawe wema namna gani, mtoto ambaye makrofaji wake hawasikii ujumbe wa kutulia si jambo la kupendekeza.

Kubadilisha masikio

Makrofaji na seli T zote zinazaliwa kwenye uboho. Ukimpa mtoto uboho wa mtu mwingine, baada ya muda monosaiti wanaoingia utumboni ni wa mtoaji, wenye kipokezi kizima. Katika kisa cha 2009 mtoto mmoja alipandikizwa seli shina za damu kutoka kwa mtu mwingine, na ugonjwa ukatulia. Katika ripoti ya 2012 walikuwa 5 waliopandikizwa. Wote walikaa na nafuu, kwa ufuatiliaji wa miaka 2 hivi kwa wastani, na seli zao zilipojaribiwa tena zilikuwa zinasikia IL-10.

Matokeo hayo yalijibu swali la kisayansi pia. Seli za ukuta wa utumbo hazitoki kwenye uboho. Mtoto aliyepona bado ana ukuta wenye jeni mbovu ileile, na bado ana bakteria wake. Kilichobadilika ni seli za damu tu. Maana yake, amani na bakteria ilivunjikia upande wa seli za kinga, chini ya ukuta. Mwaka 2014 ilithibitishwa kwa panya: ukiondoa kipokezi cha IL-10 kwenye makrofaji tu, ukaviacha vingine vyote, ugonjwa unatokea.

Mtoaji anatafutwaje? Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kwa alama za HLA, zile ambazo kinga hutumia kutambua seli za mwili wake, na nafasi 3 kati ya 4 ya kutokuwa mgonjwa. HLA iko kromosomu ya 6, mbali na jeni hizi mbili, kwa hiyo nafasi zinazidishwa: 3 kati ya 16 kwa kila ndugu. Aliyebeba nakala moja mbovu anafaa kutoa, kwani seli zake zinasikia vizuri. Kosa baya ni kutompima kabisa ndugu mchanga anayeonekana mzima: wiki nne za afya kwa mtoto wa familia hii hazithibitishi kitu. Asipopatikana ndugu, mzazi anayelingana nusu huweza kutumika, kwa dawa za ziada za kuzuia seli za mtoaji zisishambulie mwili wa mgonjwa.

Kabla ya siku yenyewe mtoto hupewa dawa kali kwa takriban wiki moja ili kuusafisha uboho wake. Seli mpya hupitishwa kwenye mshipa kama kuongezewa damu. Neutrofili, seli nyeupe za kupambana na bakteria, hurudi baada ya wiki mbili hadi nne, na hadi hapo maambukizi yoyote ni ya kutisha, hasa kwa mtoto mwenye fistula inayovuja karibu na choo. Anayefika mezani akiwa na lishe duni na utumbo unaowaka ana hatari kubwa zaidi. Kusubiri sana nako kuna bei: baadhi ya watoto wenye kasoro hii, wakiwa bado wadogo, hupata limfoma ya seli B, saratani ya seli nyeupe. Kwa hiyo uamuzi haungoji dawa zote ziishe kujaribiwa.

Ikitokea kwenye wodi ya kwetu

Kuharisha damu kwa mtoto wa Afrika Mashariki, mara nyingi kabisa, ni maambukizi. Atapewa maji ya chumvichumvi na sukari, zinki, na antibiotiki ya shigela kulingana na mwongozo. Hakuna sababu ya kumwazia kila mmoja ugonjwa adimu. Kinachobadilisha hesabu ni mambo kukutana: umeanza kabla ya miezi mitatu, unarudi kila dawa ikiisha, na kuna kidonda au fistula kuzunguka njia ya haja kubwa. Hilo la tatu kwa kawaida halisababishwi na amiba wala shigela kwa mtoto mchanga. Mvue nepi umtazame mwenyewe, usitegemee maelezo ya mdomo. Ukiuliza ukasikia kwamba mtoto mwingine wa familia alifariki kwa kuharisha akiwa mchanga, na wazazi ni mtu na binamu yake, kama ilivyo kawaida katika familia nyingi za mwambao, Visiwani, Comoro na Oman, basi muda wa kubahatisha umekwisha.

Kabla ya kufika kwenye jeni kuna ya kuondoa. Kipimo cha VVU. Mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe: mama anayenyonyesha aache maziwa na vyote vilivyotengenezwa nayo kwa wiki mbili, huo hupoa, na hauchimbi fistula. Ugonjwa wa granuloma sugu, kasoro nyingine ya kurithi ya kinga, ambao nao huleta majipu mahali hapo, una kipimo chake cha neutrofili. Kifua kikuu kitafutwe kwa makini, zaidi sana kabla ya infliximab, kwa kuwa dawa hiyo huamsha TB iliyolala. Kipimo cha kalprotektini kwenye choo, protini inayoonyesha inflamesheni ya utumbo, kinadanganya umri huu: watoto wachanga wenye afya wanavuka mbali kile kiwango cha mikrogramu 50 kwa gramu kinachotumika kwa watu wazima.

Huduma za kupandikiza uboho zimeanza karibu nasi. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekwisha kuwapandikiza watoto wenye selimundu. Kumpandikiza mtoto mchanga mwenye utumbo unaowaka ni kazi nzito kuliko hiyo, na rufaa ya nje bado itahitajika kwa wengi. Lakini upimaji wa HLA wa familia na ukarabati wa lishe vinaweza kuanza hapahapa wakati barua zinazunguka. Maziwa ya mama yasikatishwe bila sababu.

Wazazi waambiwe pia jambo moja ambalo husahaulika katika furaha ya kupona. Upandikizaji umebadilisha damu ya mtoto, haukubadilisha mbegu zake. Miaka ikipita akapimwa jeni kwa damu, jibu litakuwa la mtoaji, na maabara isiyojua historia itaandika kwamba hana kasoro. Sampuli ya kweli itoke kwenye ngozi. Akija kupata watoto, kila mmoja atarithi kwake nakala moja mbovu. Na kama mwenzake anatoka ukoo huohuo, huyo mwenzake naye apimwe kabla.